Kamusi Chini ya Ngoma

Nimefunga na kufungua lango la reli hapa Tentulipada kwa miaka thelathini na minne, na kwa muda wote huo sikumdanganya abiria hata mmoja, kwa sababu abiria walikuwa wanapita mbio. Uongo wangu wote niliwawekea watu wa kijijini. Wanajua habari ya yule tembo aliyefika langoni mwaka wa gharika, nikamwonyesha bendera nyekundu, akasimama, akangoja treni ya mizigo yenye mabehewa hamsini na nane ipite, kisha akaniinamia kichwa na kwenda zake. Mke wangu Ketaki husema mabehewa yalikuwa arobaini. Habari ya tembo haibishii tena, amechoka.

Kwa hiyo nikisema kwamba hili la sikukuu ya Rajo ni kweli tupu, najua nitatazamwa vipi. Bahati nzuri walikuwepo watu mia sita. Waulizeni, ila msiwaulize wote kwa pamoja.

Tangu nistaafu kazi yangu ni ngoma. Nampigia Kulamani Barik, ambaye ameimba pala, nyimbo zetu za visa vya kale, kwa miaka arobaini na mitano, usinga mkononi, njuga miguuni, waitikiaji wanne nyuma yake na matoazi yao. Vikundi viwili vya pala vikikutana jukwaani huwa ni vita vya adabu: huyu anaimba, anamtega mwenzake kwa fumbo au kwa neno la kale, na mwenzake asipolitegua, anashuka akiwa mfupi kuliko alivyopanda.

Kulamani hakuwahi kushuka mfupi. Kisha mwezi wa Machi, kwenye sikukuu ya rangi, alikwama mara tatu. Mara ya kwanza watu walidhani ni ufundi, kwamba ananyamaza makusudi ili wavute pumzi. Mara ya pili alikohoa. Mara ya tatu Natabar Sahu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga na mwenyekiti wa kamati ya sherehe, aliangalia saa yake.

Wiki iliyofuata Natabar alikuja kibarazani kwa Kulamani na kifurushi cha tambuu. Nilikuwepo. Nikiona tambuu imeletwa na mtu bahili, huwa siondoki.

"Kaka Kulamani," alisema, akiwa bado anatafuta mahali pa kuweka miguu yake, "kamati inakuheshimu."

"Nimekwisha basi," alisema Kulamani. "Sema la pili."

La pili lilikuwa hili. Siku ya Rajo, mwezi wa Juni, atakuja Gadadhar Nanda kutoka ng'ambo ya mto Birupa kupambana naye. Kulamani akikwama tena mbele ya watu, kuanzia mwakani jukwaa litapewa bendi ya melodi: wasichana watatu, kinanda cha umeme na spika kubwa kama makabati. Bendi inataka mkataba wa miaka mitano. Natabar alikuwa ameshaandikiwa, bado kutia sahihi.

"Miaka mitano," nilisema. "Kwa hiyo pala ya kijiji imekufa."

"Sijasema imekufa."

"Umesema ikalale miaka mitano bila kula. Hata fahali wako hawezi."

Natabar alipoondoka, Kulamani alitia tambuu mdomoni. Halafu akasema, "Chintamani, maneno yananikimbia."

"Yanakwenda wapi?"

"Ningejua ningeyafuata. Kitu chenyewe nakiona, na rangi yake naiona, hata harufu naisikia. Jina ndilo limetoka nje kidogo, na halikusema litarudi lini."

Nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke. Lakini nilimtazama mikono. Mtu aliyeshika usinga miaka arobaini na mitano alikuwa anakusanya makombo ya popoo kwenye kitambaa, moja moja, kana kwamba nayo yangetoroka.

Sasa, mimi nilikuwa na siri. Mwanangu Bijaya, anayefanya kazi kwenye viwanda vya nguo kule Surat, aliniletea simu yenye kioo kikubwa. Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha kusoma ratiba za treni, kung'oa meno ya jirani na kupiga ngoma. Ndani ya simu hiyo nilikuta kamusi ya Kiodia. Zamani kamusi kubwa ya lugha yetu ilikuwa ya kubebwa na wanaume wawili na kufunguliwa na wa tatu. Hii ilikuwa inakaa kiganjani. Na si kwamba unatafuta neno ujue maana tu. Ukiwa na maana na neno limekupotea, unaandika unachokikumbuka, nayo inakuletea maneno yote yanayofanana na kumbukumbu yako, yamepanga foleni.

Siku ya kwanza niliingia humo kutafuta tusi moja la heshima la kumtukania Natabar. Nilitoka baada ya siku mbili nikiwa nimekonda, nina matusi kumi na tisa, na mengine sikuyatumia mpaka leo kwa sababu hajakosa kiasi hicho.

Basi nikamwonyesha Kulamani. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, mambo ya kitu fulani cha kuchujia pombe ya mnazi. Jina likatokea. Akalisoma kwa sauti, akalirudia, akafumba macho kama mtu aliyepewa maji.

"Hili hapa," alisema. "Nililipoteza tangu mwezi wa pili."

"Jukwaani litakuwa pajani pangu, chini ya ngoma."

"Wewe utaliona. Mimi nitalisikiaje? Utaninong'oneza mbele ya watu mia sita?"

Hapo ndipo nilipotoa akili yangu yote niliyobakiwa nayo. Herufi zetu kila mtoto huzianza kwa chaki, sakafuni, akiziimba mpaka jirani ahame. Zimesimama safu tano, kila safu herufi tano, kama askari wa gwaride: safu ya *ka*, safu ya *cha*, safu ya *ta* nzito, safu ya *ta* laini, safu ya *pa*. Ngoma yangu nayo ina vichwa viwili, cha kushoto kina sauti nene, cha kulia kina sauti nyembamba. Mapigo manene yataje safu, mapigo membamba yataje nafasi ndani ya safu. Manene mawili na membamba matatu, ni *ja*. Herufi mbili za mwanzo zikimfikia Kulamani, neno zima litamfuata lenyewe, kama ndama anavyofuata kengele.

"Huo ni wizi," alisema.

"Wizi ni kuchukua cha mtu. Maneno ni yako, yamedondoka njiani, mimi naokota."

Alifikiri. "Mimi kushuka jukwaani, sawa. Nina miaka sabini na moja, nitashuka hata kama nimebebwa. Lakini pala yenyewe kushushwa kwa ajili yangu, hapana, hilo siliwezi." Kisha akasema, "Anza na safu ya *ka*. Piga polepole."

Tulijifunza siku tisa. Mchana nilipiga ngoma kibarazani, yeye akitaja herufi. Akienda kwake, niliendelea peke yangu kwa vidole, juu ya sinia, juu ya ndoo, juu ya sufuria ya Ketaki.

"Baba Bijaya," alisema Ketaki siku ya tano. Yeye hajawahi kulitamka jina langu tangu tuoane, na nikisikia jinsi anavyotamka hilo la Baba Bijaya, nashukuru. "Unanipasulia sufuria au unaniandikia barua?"

"Ni zoezi la vidole. Daktari amesema."

"Daktari gani?"

"Wa vidole."

Hakusema zaidi. Mwanamke asiposema zaidi, mimi huhesabu kwamba ameshindwa. Nimekuwa nikihesabu vibaya kwa miaka arobaini na moja.

Siku za Rajo zikafika. Siku tatu ardhi inapumzika, na hakuna anayeipiga jembe wala kuichoma kijiti. Hata jiwe la kusagia viungo limelazwa. Wanawake hawapiki wala hawachambui kitu, wamepaka rangi nyekundu miguuni, wamevaa sari mpya, wanabembea kwenye kila tawi lenye uwezo wa kubeba dhambi zao. Wanaume tunachemsha chai na inaungua. Nyumba nzima inanukia poda pitha, ile keki ya mchele na nazi inayookwa usiku mzima ndani ya majani ya mgomba, na imeokwa kabla sikukuu haijaingia ili mwanamke asiguse moto.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa nimeinama juu ya simu, namalizia kujifunza kuandika kwa gumba moja.

"Hata jiwe la kusagia limepumzika," alisema Ketaki kutoka kwenye pembea. "Hicho chako hakipumziki?"

"Hakisagi chochote."

"Kinasaga akili yako, na haikuwa ya kujaza kikombe."

Pambano lilianza saa tisa alasiri. Zamani pala ilikesha, lakini wazee wa kamati siku hizi wakikesha hawaamki. Turubai lilifungwa uwanjani, wanaume wakakaa upande huu, wanawake upande ule, na mbele kabisa Natabar na kipaza sauti chake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu yetu, meusi na mazito. Sinia la sirini, sadaka ya walii wetu Satya Pir, liliwekwa mahali pake: unga, ndizi, maziwa na sukari guru, tukainamisha vichwa, Mhindu na Mwislamu, kisha Gadadhar Nanda akapanda.

Gadadhar ni mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na sauti yake ni ya mtu mwingine, mnene zaidi. Alizunguka jukwaa mara moja, njuga zikilia, akasimama mbele ya Kulamani.

"Nimevuka mto kuwapa pole," aliwaambia watu. "Nasikia huku mna mwimbaji asiyekumbuka hata alikoyaweka meno yake."

"Yako nyumbani kwenye glasi, Gadadhar," alisema Kulamani. "Nimeyabembeleza yaje, yamekataa. Yamesema huyo mgeni tunamfahamu, tutasaga tu bure."

Watu wakacheka, nami nikapiga ngoma, na kwa saa nzima nilisahau kabisa habari ya simu. Kulamani alikuwa Kulamani. Aliimba habari za mfanyabiashara aliyesahau nadhiri yake na jahazi likazama na mali yote, akamliza mke wa fundi cherehani, akamchekesha mtu yuleyule kabla machozi hayajakauka. Gadadhar alimtega mara mbili, naye akategua mara mbili. Nilianza kujiona mjinga niliyefunga simu pajani kwa mpira wa baiskeli bila sababu, na damu imeanza kukataa kwenda mguuni.

Ndipo Gadadhar akaja na fumbo la tatu. Aliliimba taratibu:

*Hana mikono, ananikumbatia mgongoni.*
*Mifupa yake mianzi, ngozi yake majani.*
*Jua likiwaka analala ukutani kama mgonjwa,*
*mbingu ikilia ndipo anaamka kwenda shambani.*

"Mtaje, Kulamani," alisema. "Usinitajie jina la wasomi, nitajie jina la mkulima. Waitikiaji wangu watazunguka jukwaa mara tatu. Wakisimama na wewe umenyamaza, tumemaliza."

Kulamani akatabasamu, akainua usinga. Mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwake niliona jambo ambalo watu hawakuliona: tabasamu lilibaki, mwenyewe akaondoka. Mkono wake wa kushoto ulipanda ukagusa bega, ukashuka ukashika kidevu, mahali pa kufungia kamba. Alikuwa anakiona. Alikuwa amekivaa. Alianza kuimba sifa za mvua ili apate muda, na kila mstari ulipofika mahali pa jina, ulikwepa.

Waitikiaji wa Gadadhar wakaanza mzunguko wa kwanza.

Nikaingiza gumba chini ya ngoma. Mkono wa kushoto unashika mdundo, wa kulia unaandika. Niliandika *mvua* na *majani*. Kamusi ikaniletea foleni ya maneno mengi, nusu yake yakiwa ni magonjwa ya mpunga. Jasho likanidondokea kwenye kioo, kikaandika chenyewe neno ambalo sitalirudia hapa. Nikafuta. Mzunguko wa pili ukaanza. Nikaongeza *mwanzi*. Yakabaki matano. Nikaongeza *mgongo*. Yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa mwavuli wa majani wa kushikiwa mtu mkubwa akitembea. Mwavuli wa mtu mkubwa hauendi shambani. La pili lilikuwa *pakhia*: kifuniko cha majani na vijiti vya mwanzi, wanachovaa wakulima na wachungaji kichwani na mgongoni wakati wa mvua.

Mzunguko wa tatu. Nikapiga manene matano, jembamba moja. Nikapiga nene moja, membamba mawili.

Kulamani hakugeuka. Nikarudia, kwa nguvu zaidi.

Sasa ngoja niwaambie ujinga wangu, maana umri umeniruhusu. Nilikuwa nimebuni siri kwa kutumia kitu ambacho kila mtu aliyekaa chini ya turubai lile alikiimba sakafuni akiwa na miaka mitano. Ni sawa na kuficha mbuzi kwa kumvalisha shati. Na kati ya watu mia sita, mmoja alikuwa amesikiliza siku tisa mfululizo juu ya sufuria yake mwenyewe.

"*Pa*," alisema Ketaki, kutoka mstari wa mbele wa wanawake. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.

Jirani yake akamtazama, akaitazama ngoma. Nikarudia kupiga, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshaanza na mimi sikuweza kuwasiliana nayo.

"*Kha*," walisema wanawake kama hamsini.

Wanaume hawakukubali kuachwa. Manene matano, jembamba moja. Nene moja, membamba mawili. Safari hii turubai zima lilijibu kwa mpigo mmoja, mia sita kwa pamoja, wamenyoosha shingo kama watoto wanaotaka mwalimu awaone:

"*Pa, kha* — pakhia."

Waitikiaji wa Gadadhar walisimama katikati ya mzunguko, mguu mmoja juu. Wa mwisho kulisikia jina alikuwa Kulamani.

Natabar akashika kipaza sauti. "Nani amejibu?"

Hakuna aliyejibu kwamba amejibu.

Gadadhar alinijia polepole, njuga zikilia moja moja. "Kulamani," alisema, macho yake yako kwangu, "ngoma yako imesoma mpaka darasa la ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama, nikaona hapa panahitajika mtu mwenye kipaji. Nikaeleza kwamba ngozi ya ngoma hii ilitokana na ng'ombe wa mwalimu mkuu, ambaye, ng'ombe huyo, alifungwa dirishani pa darasa la kwanza kwa miaka saba, akasikiliza masomo yote isipokuwa hesabu, na siku za mvua ngozi ikilegea huwa inakumbuka. Nilikuwa nimefika kwenye cheti alichopewa ng'ombe nilipohisi mpira wa baiskeli unakatika. Simu ikateleza mguuni, ikaanguka kwenye mbao, ikalala chali na kuwaka.

"Chintamani," alisema Kulamani. "Kaa."

Nikakaa.

Natabar akapanda, akaiokota simu, akayasoma kwa kipaza sauti yaliyoandikwa humo, neno kwa neno, mpaka kwenye *kichwani na mgongoni*. Hakuna aliyecheka tena.

Kulamani akalaza usinga wake sakafuni. Sijawahi kumwona akiulaza, huuning'iniza. Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu inaning'inia, njuga zimenyamaza.

"Yeye aliandika, mimi nilikubali," aliwaambia watu. "Nimevaa pakhia miaka minane, nikichunga nyati wa baba yangu. Kamba yake ilinikwaruza hapa, kovu lipo. Leo mmeniuliza jina lake, mkanikuta sina." Akamtazama Natabar. "Mwenyekiti, ulisema nikikwama. Nimekwama. Usione haya."

Natabar aliona haya, hilo namshuhudia. Lakini akainua kipaza sauti, akaanza, "Basi, kwa mujibu wa makubaliano ya kamati, kuanzia mwakani..."

"Hebu shuka chini kidogo, mwenyekiti," alisema Gadadhar.

"Nishuke wapi?"

"Kwenye simu. Chini ya maana. Hapajaandikwa kwamba huning'inizwa ukutani wakati wa jua?"

Natabar akateremsha kidole. Akasoma kimoyomoyo. "Pameandikwa hivyo."

"Na chini yake kuna aina ya jani linalotumika. Halafu kuna neno la pili, la watu wa milimani."

"Ndiyo," alisema Natabar. "Umejuaje?"

Gadadhar aliwageukia waitikiaji wake. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu, aliangalia miguu yake, kisha akaingiza mkono kwenye mshipi wake mwekundu na kutoa simu. Ilikuwa kubwa kuliko yangu.

"Mnadhani fumbo hili niliachiwa na babu yangu?" alisema Gadadhar. "Nimelikuta Jumatano. Kabla ya Jumatano hata mimi jina hilo sikuwa nalo. Nina miaka sabini na mitatu. Jina la mkwe wangu nimelisahau mara mbili, na mara ya pili nilikuwa kwake, nakula."

"Chakula kilikuwaje?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Kizuri. Chakula nakikumbuka." Akavua kilemba, akakaa ukingoni karibu na Kulamani. Walionekana kama vijana wawili wanaosubiri kivuko. "Mkimshusha huyu leo," alimwambia Natabar, "mwakani kwetu watanishusha mimi. Sawa, tumezeeka. Lakini nimemtukana mtu huyu kwa miaka thelathini, matusi mengine nimeyatunga nikiwa hospitali. Sasa nimtukane nani? Kinanda cha umeme?"

Natabar alishika kipaza sauti, nacho kikalia kwa niaba yake. Ndipo Ketaki akasimama. Alikuwa na tambuu mdomoni, akaisogeza shavu la pili.

"Baba Chandan," alimwambia Natabar, "kwani ni nani alitakiwa kujibu?"

"Mwimbaji, dada."

"Na fumbo limejibiwa au halikujibiwa?"

"Limejibiwa. Lakini na..."

"Na sisi. Sisi hatujakwama. Sisi tumevaa vitu vipya, hatupiki, hatusagi, tumekaa hapa tangu saa tisa, na saa yenyewe haijafika kumi na mbili. Waambie hao wazee wasimame watuulize lingine."

Upande wa wanawake ukaanza kupiga makofi, si ya kushangilia, ni yale ya kumhimiza fahali atoke matopeni. Upande wa wanaume ukafuata. Kulamani alimtazama Gadadhar.

"Unalo lingine?"

"Ninalo, lakini sikumbuki jina la jibu."

"Mimi ninalo moja, nimesahau mwanzo wake."

"Tuanzie katikati," alisema Gadadhar.

Wakasimama. Kulamani aliokota usinga, akaupangusa vumbi kwenye kiuno cha Gadadhar, bila ruhusa. Kisha akaimba habari za pakhia. Sijawahi kuuona ubeti huo katika kitabu chochote, na kamusi nayo haina. Ulikuwa wa mtoto na baba yake shambani, mvua imewakuta, pakhia ni moja. Baba anaisogeza kwa mtoto, mtoto anairudisha kwa baba, mpaka wanafika nyumbani kila mmoja amelowa upande mmoja, na mama anawauliza kama walikuwa wanatoka kwenye mvua moja au mbili. Mke wa fundi cherehani akalia mara ya pili siku hiyo. Fundi mwenyewe naye akapangusa pua.

Baada ya hapo hapakuwa na pambano la kikundi na kikundi. Wazee wawili walikuwa upande mmoja, kijiji upande wa pili. Kulamani akifika mahali jina limetoroka, hakukohoa wala hakuzunguka. Alinyoosha usinga kwa watu, akaeleza kitu kikoje, kinafanya nini, nani alikuwa nacho. Nami nikiwa na kamusi wazi juu ya ngoma, hadharani, niliwapigia herufi mbili. Wakimaliza neno, Gadadhar alilichukua na kulitia kwenye wimbo kabla halijapoa. Wakikosea, alitukana ukoo mzima wa aliyekosea, na ukoo ukafurahi kutajwa. Mara mbili walinishinda kasi. Jina la mtego wa samaki lilisemwa na mzee mmoja kabla sijamaliza kuandika *samaki*, na akataka atajwe kwenye kipaza sauti kwa jina lake na la baba yake.

Mvua ikaanza. Ikapiga turubai kwa nguvu kuliko ngoma, ikapenya katika pembe mbili, na waliolowa walisogea kwa walio wakavu wakawalowesha. Hakuna aliyeondoka. Natabar alisogeza kiti chake mara tatu kukwepa matone, na mara ya tatu nilimsikia akitaja neno pamoja na wengine, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka akiba.

Giza lilipokaribia, alipanda jukwaani. Ule mkataba wa melodi ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake, umelowa, wino wa bluu umetoka na kumchora kifuani. Hakuutoa.

"Siku ya pili ya Rajo, mwakani," alimwambia Kulamani. "Saa tisa. Wewe na Gadadhar. Utakumbuka?"

"Sitakumbuka," alisema Kulamani. "Mwambie Mama Bijaya."

Natabar akamgeukia Ketaki, mikono ameiunganisha kifuani. Ketaki akasema yeye atakumbuka, hilo halina shida, ila mwakani jukwaa lisogezwe karibu na upande wa wanawake, kwa sababu herufi za safu ya nne Baba Bijaya anazipiga ovyo, na kule nyuma hazisikiki.